Swali la Kidawa Kuhusu Mbegu Nyekundu

MAELEZO YA SHAHIDI

Kuhusu: vifo vya Ziada binti Dadi na Pazi Mnungu, Kijiji cha Ujamaa cha Namichenga, Lindi

Jina la shahidi: Dadi Selemani Likwata
Umri: miaka hamsini na mbili, kwa kukadiria
Dini: Mwislamu
Kazi: mkulima, na mtunza ghala la kijiji
Elimu: darasa la nne, na chuo cha Kurani
Makazi: Namichenga. Kabla ya kuhamishwa mwaka jana, upande wa Kitomanga
Tarehe ya maelezo: 8 Januari 1975

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza kwa hiari yangu. Koplo Andrea amenionya niseme kweli. Nimemwambia ahsante, ila nilishatawadha kabla ya kuondoka nyumbani.

Ziada ni mtoto wangu wa kumzaa, wa tatu. Kidawa Mohamedi, mliyemfungia hapo nyuma, ni mkwe wangu, kwa kuwa Ziada aliolewa na mwanawe Tawakali. Hili nalisema mapema ili mtu asije akasema baadaye nilificha. Na jingine nisilifiche: Kidawa na mwanangu waligombana mwezi wa Novemba, sababu ya ndoo ya maji. Ziada aliiacha wazi, mbuzi akanywa. Kidawa alimwambia maneno makali na Ziada akaja kwangu analia. Nilimrudisha kwa mumewe jioni ileile, na Kidawa mwenyewe alitoka nje kumpokea mzigo kichwani. Huo ndio ugomvi ambao watu sasa wanasema ni wa kuulia mtu.

Mnamo tarehe 2 Januari, siku ya Alhamisi, baada ya sala ya adhuhuri, lori lilileta mbegu za mahindi kwa ajili ya shamba la pamoja. Zilikuwa kwenye magunia ya kawaida, kama yale ya sukari, hayana alama yoyote. Mimi ndiye niliyezipokea ghalani. Mbegu zenyewe zilikuwa nyekundu, wekundu wa kupakwa, unabaki mkononi. Zilikuwa na harufu. Nikamuuliza Bwana Shamba, Ndugu Valentini, aliyekuja na lori hilo, "Mwanangu, mbona hizi zina rangi?" Akanijibu, "Mzee, zimefanyiwa matayarisho ya kitaalamu." Nikashukuru. Nilidhani ameniambia kitu.

Hapa naomba nieleze kidogo kuhusu kazi yangu, bwana Koplo, usichoke. Ghala ninalolitunza si kubwa. Lina majembe, mapanga, pampu ya kunyunyizia dawa mikorosho, magunia na kamba. Mtu akija kuchukua panga ambalo mpini wake umelegea, namwambia, "Mpini umelegea, usikate nalo mti, litakutoka." Simwambii panga lina hali maalumu. Na yeye akilirudisha limepata ufa ananionyesha ufa ulipo. Hiyo ndiyo kazi tuliyoizoea sisi wote, waliosoma na wasiosoma. Basi nilipoambiwa matayarisho ya kitaalamu, nilijua kuwa lingekuwapo la kuniambia ningeambiwa.

Siku hiyohiyo jioni kulikuwa na mkutano mbele ya ofisi ya kijiji. Watu walikuwa wengi, kwa kuwa njaa ya mwaka uliopita kila mtu aliionja na kila mtu alitaka kusikia habari ya mbegu. Katibu wa kijiji, Ndugu Tomaso, alifungua kwa salamu za Chama kisha akamkaribisha mtaalamu. Ndugu Valentini ni kijana, hajafika miaka thelathini, mpole, akikuona anaamkia. Lakini akisimama mbele za watu hugeuka mtu mwingine. Maneno yake nayakumbuka, maana nimeyarudia kichwani mchana na usiku tangu Jumamosi. Alisema hivi: "Ndugu wananchi, mbegu hizi ni mbegu bora zilizofanyiwa matayarisho kwa lengo la kuzihami dhidi ya mashambulizi ya viumbe waharibifu. Hivyo basi zinatakiwa zielekezwe katika matumizi yaliyokusudiwa, kwa mujibu wa utaratibu."

Tukapiga makofi. Na mimi nilipiga.

Kabla sijaendelea, lazima nieleze mila yetu moja, maana Koplo ni mgeni wa huku. Kwetu sisi mbegu ikishatoka ghalani kwenda shambani hairudi tena nyumbani. Kuirudisha ni kama kuiambia mvua kuwa hatukuwa na haja nayo. Ikibaki kwenye vikapu baada ya kupanda, inapikwa palepale pembezoni mwa shamba pamoja na kunde, inasomwa dua, na wote waliopanda wanakula kutoka chungu kimoja. Tunaita chakula cha masazo. Babu zetu walikula, sisi tumekula, na tulipohamishiwa Namichenga watu wa vijiji vitatu tukachanganywa, hiyo mila ndiyo kitu cha kwanza tulichokuta tunacho sote.

Mpishi wa shamba la pamoja ni Kidawa. Kwa hiyo pale mkutanoni alisimama, akafunga vizuri kanga yake, akasema, "Shikamooni wazee. Mimi nauliza habari ya chungu. Masazo ya mbegu hizi tunakula, au hatuli?"

Watu walicheka. Mzee Pazi, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa utani sana, akapaza sauti, "Kidawa we! Mbegu haijaona udongo, wewe umeshaiona sufuria!"

Kidawa akamwambia, "Wewe Pazi subiri, Jumamosi utakuwa wa kwanza kuleta bakuli." Watu wakazidi kucheka.

Ndugu Valentini alisema, "Mama, swali lako ni la msingi kabisa. Jibu lake limo ndani ya maelezo niliyokwisha kuyatoa."

Kidawa hakuketi. Akasema, "Sikulisikia, mwanangu. Nipe ndiyo au hapana, nikae."

Hapo Ndugu Valentini aligeuka kumtazama Katibu. Nilimwona, maana nilikuwa nimekaa mbele, kwenye gogo. Hakuwa amekasirika. Alikuwa kama mtu anayeomba ruhusa. Ndugu Tomaso akasimama badala yake, akasema, "Mama Tawakali, mtaalamu ameshajibu. Tusirudishe maendeleo nyuma kwa ajili ya chungu." Makofi yakapigwa tena, makubwa kuliko ya kwanza. Kidawa akaketi. Alipokuwa anaketi alisema polepole, lakini mimi nilimsikia, "Haya, nimenyamaza." Ziada alikuwa amekaa karibu naye, akamshika mkono, akamwambia, "Mama, achana nao."

Mnamo tarehe 4 Januari, Jumamosi, tulipanda. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na udongo ulikuwa mzuri. Ndugu Valentini hakuwepo. Alikuwa ameshakwenda vijiji vya upande wa Mingoyo na lori lake. Mimi nilifika na majembe, nikawagawia watu, nikabaki kupanda nao mstari mmoja na mwanangu Ziada na mumewe. Ziada alikuwa na mimba ya kwanza, hata haijaanza kuonekana. Mimi nilijua kwa kuwa mama yake aliniambia. Nilimwambia apande polepole. Akanijibu, "Baba, mahindi hayajui kama nina mimba."

Mbegu zilibaki nyingi, maana Katibu alisema tusipande ule upande wa bondeni unaotuama maji. Kidawa alichukua vikapu vilivyobaki. Naomba hili liandikwe vizuri. Aliziosha mbele za watu wote, kwenye karai, kwa maji ya kisimani. Maji ya kwanza yalitoka mekundu kama damu ya kuku. Akayamwaga mbali. Aliendelea kuosha mpaka maji yakawa meupe, na akachota mbegu kiganjani, akazinusa, akasema, "Rangi imetoka." Akaongeza maji mengine akaosha tena. Mtu anayetaka kuua watu haoshi namna ile. Mikono yake yote miwili ilibaki myekundu hadi viwikoni. Nimesikia kwamba askari walipomkamata walisema hiyo ndiyo alama ya dawa aliyotia. Ni rangi ya mbegu. Ningekuwa nimeziosha mimi, ningekuwa nayo mimi.

Kande ilipoiva tulisali adhuhuri, nikasoma dua. Mimi sikula. Nilikuwa nimefunga, nalipa siku za Ramadhani nilizoumwa. Ndiyo maana niko hapa nazungumza. Kidawa naye hakula chochote, kwa sababu anayepakua hula mwisho, na chungu kilikwisha kabla yake. Alikwangua ukoko akampa Ziada. Sasa watu wanauliza, mbona mpishi hakufa? Hakufa kwa sababu alimpa mkwewe sehemu yake.

Ziada alipopokea bakuli alimtania, "Mama, leo umetupikia kande ya harusi, bado ina haya usoni." Maana ilikuwa bado na wekundu kwa mbali. Kidawa akacheka akamwambia, "Kula, una mwenzako."

Kabla ya alasiri Mzee Pazi alisema anaona watu wawiliwawili. Tukadhani ni utani wake, tukamwambia, "Basi lima na mwenzako." Akaanguka. Alikuwa anatetemeka miguu na mikono na povu likamtoka. Kisha wengine wakaanza kutapika. Nilimtafuta Ziada. Alikuwa amekaa chini ameshika jembe kwa mikono miwili, mimi nikamwuliza una nini, akasema, "Baba, nishike, nahisi ardhi inakimbia." Nilimshika.

Tuliwabeba yeye na Pazi kwenye vitanda vya kamba mpaka zahanati ya kijiji cha jirani. Wengine walitembea wameegemea wenzao. Mganga wa zahanati, Ndugu Sebastiani, alitoka akiwa bado anafunga vifungo. Alimtazama Ziada macho, akanusa mdomo wake, akauliza, "Wamekula nini?" Nikamwambia, kande ya mbegu. Akauliza, "Mbegu nyekundu?" Nikasema ndiyo.

Akasema, "Mzee Dadi, hiyo ni sumu. Mbegu zile zinapakwa sumu ya wadudu. Kuosha hakuitoi."

Nilimwuliza kama mwanangu ataishi. Alivuta pumzi akasema, "Sidhani. Nitafanya ninachoweza, lakini sidhani. Kaa naye, umsomee."

Mungu ampe heri Sebastiani. Si mtu wa dini yangu, lakini ndiye mtu pekee katika jambo hili aliyezungumza nami kama binadamu. Kwa sababu aliniambia, nilikaa na mwanangu. Nilimsomea Yasini. Nilimwambia radhi zangu zote anazo. Mama yake aliwahi kufika akamshika. Angeniambia hali inatia matumaini ningekwenda kutafuta gari, na mwanangu angekufa nikiwa barabarani. Ziada alifariki kabla ya magharibi. Pazi alimfuata usiku. Wengine wote, alhamdulillahi, wamepona, ingawa mmoja bado mikono inatetemeka.

Jumapili tulizika. Kidawa alikuwa miongoni mwa wanawake walioosha maiti ya Ziada. Jioni ile askari walikuja wakamchukua. Nilimuuliza Katibu kwa nini. Akasema taarifa iliyokwenda juu inasema wananchi walielekezwa ipasavyo kuhusu matumizi ya mbegu, na kwamba mpishi alikiuka maelekezo kwa makusudi, tena alikuwa na ugomvi na marehemu mmoja.

Nikamwambia, "Tomaso, ni nani aliyeelekezwa?"

Akasema, "Mzee Dadi, wewe una msiba, pumzika."

Jana, Jumanne, Ndugu Tomaso na Ndugu Valentini walikuja nyumbani kwangu matangani. Tuliwakaribisha kwenye jamvi. Valentini aliniamkia, nikamwitikia, maana salamu haina kosa. Alikuwa amekonda kwa siku zile chache. Tomaso alizungumza kwanza. Alisema polisi wataniita, na kwamba kwa kuwa mimi ni mtunza ghala na tena ni mfiwa, neno langu ndilo litakalomaliza shauri. Akaniambia niseme maneno matatu tu: tulielekezwa matumizi sahihi.

Nikamgeukia kijana. Nikamwambia, "Valentini, ulisema neno sumu?"

Akasema, "Nilisema zimehamiwa dhidi ya waharibifu."

"Ulisema sumu?"

"Mzee, nilisema zielekezwe katika matumizi..."

"Mwanangu, mimi nimezika. Nijibu kama ulivyotakiwa kumjibu Kidawa. Ndiyo au hapana."

Akasema, "Hapana."

Tomaso akamgusa goti, lakini kijana aliendelea. Alisema wakubwa wake, na hakuwataja, waliwaambia wasilitumie neno hilo mikutanoni. Kuna mahali lilitumika, watu wakazimwaga mbegu zote, wakasema Serikali imewahamisha na sasa inawapa sumu. Ndipo wataalamu wakaambiwa ekari lazima zipandwe mwaka huu, kwa hiyo watafute lugha ya kujenga. Akasema, "Nilipoulizwa na Mama Tawakali nilijua anachouliza. Neno lilikuwa hapa." Akaonyesha koo lake. Kisha akalia. Tomaso akamwambia mbele yangu, "Acha utoto, usituharibie kazi."

Mimi sikumfariji. Mungu anisamehe kama nilipaswa. Nilimwambia Tomaso kwamba watu wangeambiwa sumu wangepanda vilevile, maana walikuwa na njaa ya mahindi ya mwakani, wala hawakuwa na haja ya kujiua. Wangepanda na masazo wangeyafukia. Waliotuona sisi hatuwezi kustahimili neno moja ndio walioona tunaweza kustahimili kaburi. Tomaso akasema maneno hayo yatakivunja kijiji. Nikamwambia kijiji ni watu, na wawili kati yao niliwafukia Jumapili. Wakaondoka.

Sisemi kwamba Ndugu Valentini alitaka kuua. Hakutaka. Wala simwombei afungwe. Nasema alikuwa na neno, akaulizwa neno hilo mbele ya kijiji kizima, akatoa jingine. Na aliyeuliza ndiye mliyemfungia.

Koplo Andrea amenisomea aliyoyaandika mpaka hapa. Kwenye sehemu ya kifo cha mwanangu alikuwa ameandika kwamba marehemu "walipatwa na madhara kufuatia matumizi yasiyo sahihi ya pembejeo." Nimemwambia, bwana Koplo, mimi sikusema hivyo, na pembejeo sijui kuila. Akasema hiyo ndiyo lugha ya ofisi. Nimemwomba kwa heshima aikate, aandike: walikula sumu, na hawakuambiwa kuwa ni sumu, na mpishi wao aliuliza. Ameikata. Namshukuru. Nimeiona kwa macho yangu sehemu iliyokatwa na ile iliyoandikwa juu yake.

Sina la kuongeza. Nimesema nililoliona na nililolisikia, kwa maneno ninayoyatumia nyumbani, na hayahaya nitayasema mbele ya hakimu, na siku ile nyingine pia. Namwomba mkwe wangu aachiliwe aje amalize matanga ya mkwewe.

Sahihi ya shahidi: Dadi S. Likwata

MAONI YA MWANDISHI WA MAELEZO

Maelezo haya yameandikwa nami, Koplo Andrea, leo tarehe 8 Januari 1975. Nimemsomea shahidi, ameyakubali na kutia sahihi yake mbele yangu. Palipokatwa pamekatwa na mimi kwa ombi lake.

Mkubwa wa zamu amenitaka niyafupishe kabla ya kuyapeleka. Nimeyapeleka kama yalivyo.

Shahidi aliomba kumwona mtuhumiwa Kidawa Mohamedi. Nilimweleza kuwa hairuhusiwi. Akatoka nje, akasimama upande wa nyuma penye dirisha la mahabusu, akasema kwa sauti: "Mkwe, ni mimi Dadi. Nimewaambia hukumuua Ziada." Sikumzuia.

Mtuhumiwa alijibu kutoka ndani: "Nani amekutuma useme hivyo?"

Shahidi alisema: "Hakuna." Kisha akashika njia ya nyumbani. Mtuhumiwa bado yuko ndani.